Bogenvilia: Ua Lipendalo Kiu

Kila mwaka, mara mvua za Aprili na Mei zikatikapo na vumbi la kiangazi lianzapo kuruka katika mitaa ya Bujumbura, swali moja juu ya bustani husikika tena na tena kwa akina mama wa mji huo na wa miji mingine iliyo kando ya Ziwa Tanganyika: kwa nini bogenvilia ya jirani ina maua tele, na hii ya nyumbani ni majani matupu? Mwenye kuuliza aghalabu huongeza maneno ya kujitetea. Samadi ametia, tena ya kutosha. Maji humwagilia asubuhi na jioni. Magugu hakuna hata moja. Amefanya yote ambayo mtu mwema huufanyia mmea, na mmea haukumlipa.

Jibu limo ndani ya utetezi huo huo. Hayo aliyoyafanya ndiyo yaliyozuia maua.

Habari ya mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi yaweza kulifafanua jambo hili kuliko maelezo mengi. Mama huyo, mke wa fundi wa magari, aliletewa kijiti cha bogenvilia na dada yake kutoka Rumonge, kimefungwa katika kitambaa kilicholoweshwa maji. Alikipanda karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagwa, baada ya kuchimba shimo la kwenda chini na kulijaza samadi ya mbuzi. Kijiti kilishika. Mwaka wa kwanza kilifika kiunoni, wa pili kikapita dirisha, na wa tatu kikalala juu ya mabati, kijani kibichi, chenye matawi manene na miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Hata ua moja halikuonekana.

Kiangazi cha mwaka huo kilipoingia, mama aliona ardhi imepasuka, akahukumu kwamba mti wake una kiu. Bomba la mtaani kwao lilikuwa likitoa maji usiku tu. Basi binti yake wa kwanza, mwenye umri wa miaka 12, akawa anaamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni, na kurudi mara mbili, kila mara na dumu la lita 20 kichwani. Dumu la kwanza lilikuwa la kunywa na kupikia. La pili, nusu yake iliwekewa bogenvilia. Mtoto akawa anafika shuleni akisinzia.

Ng'ambo ya njia, nyuma ya kibanda cha muuza mkaa, kulikuwa na bogenvilia nyingine iliyoota kati ya mawe na changarawe. Hakuna aliyewahi kuimwagia hata kikombe cha maji. Tangu Juni hadi Septemba ilikuwa zambarau tupu, hata watu wakawa wanaitumia kuelekezana njia: ukifika penye maua, kata mkono wa kushoto. Majirani hawakukosa la kusema. Shangazi wa mama huyo aliapa kwamba mti umepigwa kijicho. Mume, kwa upande wake, alisema mti usio na faida ni kuni, akaanza kunoa panga.

Aliyeuokoa ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya bustani kwa miaka mingi katika nyumba za mlimani, huko Kiriri. Mzee hakuyaangalia majani. Aliinama shinani, akachota udongo, akaufinya kiganjani, nao ukashikamana kama unga uliokandwa.

"Binti yangu," akasema, "mti huu umeulea kama mtoto mchanga, nao umekwisha kuwa mtu mzima. Hauna shida ya maji. Una shida ya shibe."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu? Dawa yake ni ipi?"

"Kwanza mpe yule mtoto likizo ya kuteka maji."

Mzee hakusema kwa mzaha. Bogenvilia ilitoka Amerika ya Kusini, katika nchi kama Brazili, Peru, Bolivia na Ajentina, na nyingi katika jamii yake huota porini mahali penye jua kali na kiangazi cha kweli, zikijishikiza kwa miiba juu ya miti mingine ili zifikie mwanga. Mvua iwapo ipo, mmea wa namna hii hujenga mwili: shina, matawi na majani. Mvua ikatikapo na mizizi ikaona ukavu, huacha kujenga, ukaharakisha maua kabla mambo hayajazidi kuwa mabaya. Amwagiliaye kila siku huuambia kwamba masika hayajaisha, nao huendelea kujenga. Arundikaye samadi huzidisha lile lile, kwa sababu samadi ina naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha majani kuliko cha maua. Na aupandaye kivulini, chini ya mwembe au mparachichi, huunyima kitu kimoja ambacho mmea huu hauwezi kukikosa. Jua la wazi la muda wa saa sita kwa siku ndicho kiasi cha chini kabisa.

Nchi zilizo mbali na Ikweta hupata msaada mwingine, maana huko usiku hurefuka majira ya baridi, na bogenvilia hupenda kutoa maua usiku unaporefuka. Bujumbura ipo karibu sana na Ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo kalenda ya mmea huu ni ukavu. Ndiyo maana katika mji huo, ambako Juni, Julai na Agosti karibu hazina tone la mvua, bogenvilia zisizotunzwa na mtu hupendeza kuliko zile zenye mtumishi na mpira wa maji.

Jina lenyewe la mmea lina habari ndefu, na si vibaya kuieleza, kwa kuwa ndani yake yumo mwanamke ambaye kwa muda mrefu hakutajwa ipasavyo. Mfaransa Louis Antoine de Bougainville aliizunguka dunia kwa merikebu mbili kati ya mwaka 1766 na 1769. Pamoja naye alikwenda mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na mwaka 1767 walipotia nanga Rio de Janeiro ndipo mmea huu ulipochumwa na kuandikwa kwa heshima ya mkuu wa safari. Commerson alikuwa na ugonjwa wa mguu, na kutembea porini kulimwia vigumu. Aliyembebea mizigo, karatasi za kukaushia mimea na chakula, ni msaidizi wake kijana, ambaye wote merikebuni walimjua kuwa ni mwanamume. Msaidizi huyo alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejifunga vifua kwa vitambaa na kuvaa suruali, kwa sababu sheria za jeshi la majini la Ufaransa hazikuruhusu mwanamke kusafiri katika merikebu zake. Siri hiyo ilitangaa walipofika Tahiti mwaka 1768. Waandishi kadhaa wa siku hizi hudhani kwamba, kwa hali ya mguu wa bwana wake, mkono uliochuma bogenvilia ile ya kwanza huenda ulikuwa wa Baret.

Commerson alifariki katika kisiwa cha Morisi mwaka 1773. Baret alirudi Ufaransa miaka michache baadaye, na hivyo akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia yote. Mwaka 1785 serikali ya nchi hiyo ilimpa malipo ya uzeeni ya livre 200 kwa mwaka, akafa mwaka 1807. Nahodha alipewa mti unaojulikana dunia nzima. Baret hakuwa na mmea wa jina lake hadi mwaka 2012, wataalamu walipouita Solanum baretiae mmea mmoja wa Amerika ya Kusini, wa jamii moja na nyanya, biringani na mbatata. Mwenye nyumba afyekaye bogenvilia yake huku akilalamika juu ya uzito wa matawi na amkumbuke mwanamke huyo mlimani, na mzigo wake wa karatasi.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalitambui ni kwamba kile kinachoitwa ua la bogenvilia si ua. Mtoto na aletewe kishada kimoja akitazame kwa makini. Ataona vijani vitatu vya rangi, vyembamba kama karatasi, vyenye mishipa kama ya jani lolote jingine. Katikati, juu ya mshipa mkuu wa kila kijani, kimeshikizwa kimrija chembamba chenye mdomo mweupe au wa manjano hafifu. Kimrija hicho ndicho ua. Vijani vya rangi ni walinzi na wapiga mbiu tu, kazi yao ni kuwaita wadudu na ndege. Na kwa kuwa ni majani, havinyauki upesi kama maua ya kawaida: kishada kimoja hukaa majuma kadhaa, na vingine hufuata, hata mti ukaonekana haujapumzika kwa miezi. Rangi yao ya zambarau na nyekundu hutokana na vitu vya aina ile ile vinavyoupa wekundu mchicha mwekundu, yaani lengalenga nyekundu inayochemshwa jikoni na kuyageuza maji ya chungu. Bogenvilia na lengalenga ni ndugu wa mbali, ijapokuwa mmoja amekwenda katika bustani za matajiri na mwingine amebaki sokoni.

Lugha ya Kiswahili imelipa neno moja mambo mawili: ua la kunukia au kupendeza, na ua la kuzungushia nyumba. Ni nadra kuona kitu kimoja kikatimiza maana zote mbili. Bogenvilia hutimiza. Ikipandwa kwa umbali wa mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche, na kukatwa mara kwa mara, kwa miaka mitatu hivi huwa ukuta ambao mwizi hupita mbali nao. Katika vijiji vya Burundi na Rwanda nyua nyingi tangu zamani zimekuwa za mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani usio na majani ya kuonekana. Mnyaa hauna gharama na haufi upesi, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali, na waweza kuharibu jicho lisipooshwa na kutibiwa kwa haraka. Palipo na watoto wachezao kandokando ya ua, jambo hilo si dogo. Bogenvilia ina miiba, na miiba huchoma. Utomvu wake pia huwawasha watu wengine ngozi. Lakini haina maziwa ya kupofusha. Wengine hupanda oleanda kwa sababu nayo hutoa maua mwaka mzima, na hilo ni kosa la kujutiwa, kwani kila sehemu yake ni sumu, kwa watu na kwa mifugo. Lantana nayo hupendeza, kisha ndege huzibeba mbegu zake, ikateka malisho ya watu. Bogenvilia za bustanini kwa kawaida hazizai mbegu, na hazitoroki nyumbani.

Kwa kuwa mbegu hakuna, mche hupatikana kwa kijiti. Wakati mwema ni mwanzo wa mvua, Oktoba au Novemba. Kijiti kichukuliwe katika tawi lililokomaa nusu, lisilo laini kama chipukizi wala gumu kama mpini, unene wake uwe wa penseli na urefu wake sentimita 15 hadi 20, chenye macho matatu au manne. Ncha ya chini ikatwe mshazari chini kidogo ya jicho, ya juu ikatwe sawasawa, ili siku ya kupanda mtu asikosee akakipanda kichwa chini. Majani yote yaondolewe. Kopo la maziwa ya unga lililotobolewa chini latosha kuwa kitalu, likijazwa mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo nusu kwa nusu. Macho mawili yafukiwe, kopo liwekwe kivulini, na udongo uwe na unyevu bila kutota.

Hapo ndipo wengi hushindwa kwa kukosa subira. Kijiti cha bogenvilia huweza kuchipua majani kabla hakijatoa hata uzi mmoja wa mzizi, kwa kutumia akiba iliyomo mwilini mwake. Mwenye nyumba hufurahi, akakihamisha, kikafa juma lile lile. Au huwa na shaka, akaking'oa kidogo kutazama, na kwa kukitazama akakiua. Kiachwe majuma manane hadi kumi na mawili. Vikipandwa vijiti vitano, si aibu kupata miche miwili, kwa maana aina nyingine za bogenvilia ni kaidi mno kushika.

Siku ya kuhamisha, mche usishikwe shingo na kuvutwa. Mizizi yake hukatika kama tambi zilizochemka, na mche ulioshtuliwa hivyo waweza kusimama mwaka mzima bila kukua. Kopo likatwe ubavuni kwa mkasi wa bati, udongo wote utolewe kwa mikono miwili kama keki, uingizwe shimoni ulivyo. Shimo lenyewe liwe na kina cha sentimita 40 au 50. Udongo wa juu urudishwe pamoja na mchanga na samadi iliyooza kabisa, isizidi karai moja. Hiyo moja ndiyo haki yake. Baada ya hapo, konzi ya majivu ya kuni ikinyunyizwa shinani mara mbili kwa mwaka yatosha, kwani majivu yana potasiamu, ambayo mimea huihitaji wakati wa maua. Yasizidishwe, kwani udongo uliojaa majivu hufanya majani yawe ya manjano.

Na maji? Mwaka wa kwanza mche ni mtoto kweli, na katika kiangazi ustahili ndoo moja kwa juma, imwagwe polepole mpaka ifike chini. Kuanzia mwaka wa pili, mti uliopandwa ardhini hauhitaji kumwagiliwa, ila kiangazi kikiwa kikali mno na majani yakawa yamelegea asubuhi, kabla jua halijapanda. Majani kulegea saa nane mchana si dalili ya kiu, maana hata mtu mzima hulegea saa hiyo. Mmea ulio katika chungu au pipa lililokatwa hukauka upesi zaidi; huo unyweshwe mpaka maji yatoke matunduni, kisha uachwe mpaka majani yaanze kushuka, ndipo unyweshwe tena. Chombo kiwe kidogo kuliko huruma ya mwenye nyumba. Mizizi iliyobanana huleta maua mengi kuliko mizizi iliyopewa pipa zima.

Kukata ndiko kunakotenganisha bogenvilia yenye maua machache na ile iliyofunikwa. Maua hutokea katika matawi mapya, hasa karibu na ncha zake. Tawi moja refu huwa na ncha moja. Likikatwa, hutoa matawi matatu au manne, na kila moja huja na ncha yake. Basi katika miji ya ziwani, mkato mkubwa ufanywe mwisho wa kiangazi, Septemba, maua yakishapungua na kabla mvua hazijashika. Matawi yapunguzwe hata theluthi moja, na machipukizi marefu yaotayo shinani kwa nguvu, manyoofu kama fimbo, yaondolewe kabisa, maana hula chakula kingi bila kutoa maua. Kisha Machi au mwanzoni mwa Aprili ncha za matawi mapya zikatwe kwa urefu wa kidole. Baada ya hapo mkono uzuiliwe. Akataye Juni hukata maua yenyewe, nao wako wengi wafanyao hivyo, hasa wakitaka kupamba nyumba kwa ajili ya harusi na kuona ua halijanyooka.

Kule Kampala, ambako mvua huja mara mbili kwa mwaka na kiangazi hugawanyika, bogenvilia nayo hugawa maua yake katika vipindi viwili, Januari hivi na Julai hivi, na mkato hufuata kila kipindi. Bukavu na Gitega, ambako kuna baridi ya mlimani, mmea hukua polepole na hupaswa kupewa ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Afanyaye kazi hii avae viatu, na mikono aifunge kwa gunia au soksi nene asipokuwa na glavu. Watoto wakae mbali na matawi yanayoanguka, kwa sababu ya macho yao. Matawi yaliyokatwa yasiachwe njiani hata siku moja, kwa kuwa mwiba mkavu wa bogenvilia hupenya ndara na tairi la baiskeli. Mbuzi watakula majani mabichi kwa furaha. Miti yenyewe ikaushwe, itandazwe juu ya matuta ya mbegu, na kuku hawatathubutu kuparua hapo.

Magonjwa yake ni machache. Vidukari hushika ncha changa, na pia wadudu weupe wenye nta kama pamba. Maji yenye sabuni kidogo, yakinyunyizwa jioni, huwapunguza. Adui wake mkubwa ni maji yanayotuama. Tangu mwaka 2020 mafuriko ya mto Rusizi na kupanda kwa maji ya ziwa kumewatesa watu wa Gatumba na wa mitaa iliyo karibu na ufuko, na kwa waliopoteza nyumba na mashamba kusema habari za maua ni kuwakosea adabu. Lakini kwa waliobaki na viwanja vyenye unyevunyevu, ambao wanataka kurudisha ua wa nyumba, ni vyema wajue kwamba bogenvilia ikisimama katika matope majuma machache mizizi yake huoza, majani yakageuka manjano na kudondoka. Wengi huyaona majani hayo wakadhani ni kiu, wakaongeza maji. Mahali kama hapo mche upandwe juu ya tuta lililoinuliwa sentimita 30 au 40, lenye mawe na changarawe chini, au uwekwe katika chombo.

Yule mama wa Buyenzi hakuukata mti, ijapokuwa panga lilikuwa tayari limenolewa na mume akaona haya kulirudisha bila kazi. Alilitumia kuchimba mfereji mwembamba, akayapeleka maji ya kuoshea vyombo kwenye migomba iliyo nyuma ya nyumba. Septemba mzee alirudi, akapunguza matawi mpaka mabati yakaonekana tena, na mama akalia kidogo alipouona mti umebaki mifupa. Samadi haikutiwa. Mwishoni mwa Machi ncha zilikatwa. Mwezi Mei mvua ilipokoma, shangazi aliyekuja kutembea aliuona udongo mkavu akashika ndoo, naye akazuiwa mlangoni kwa heshima: "Shangazi, tafadhali, huo umefunga." Shangazi aliiweka ndoo chini, lakini hakuacha kuguna.

Katikati ya Juni majani mengi yalikuwa yamepukutika, na mume akasema wazi kwamba mti umekufa. Siku chache kabla ya sikukuu ya Uhuru, ambayo Burundi huiadhimisha Julai 1, vijani vya kwanza vilichomoza katika ncha, vidogo, vya rangi kati ya kijani na damu ya mzee. Agosti ilipofika, muuza mkaa wa ng'ambo ya njia alikuja mwenyewe kuomba vijiti, kwa sababu yake ilikuwa zambarau na hii ilikuwa nyekundu.

Binti sasa huamka saa kumi na moja na nusu. Huteka madumu mawili kama kwanza, kwa kuwa bomba halijabadilika, ila ile nusu ya dumu la pili hupelekwa kwenye vituta viwili vya lengalenga vilivyo kando ya migomba, navyo hukatwa kila juma la tatu, fungu moja la chungu na mafungu mawili ya sokoni.